Kodi ya Marehemu Yadaiwa kwa Nani?

Mtu akifa Lubumbashi, jamaa hukusanyika kwa kilio, na kilio kikiisha hufanya kikao. Hapo huulizwa habari za nyumba, za gari, za vyombo. Swali moja huulizwa kwa nadra: marehemu aliwiwa nini na serikali? Wengine hulicheka, wakisema kwamba kodi ni shauri la walio hai, na aliyezikwa amekwisha kuachana na watoza kodi.

Je, neno hilo ni kweli? Hasha. Urithi ni kile kinachosalia baada ya madeni kulipwa. Kabla ya hapo hakuna ajuaye kiasi chake. Mwenye duka aliyemkopesha marehemu unga huja mlangoni mapema, naye hulipwa kwa kuona haya. Serikali haiji kwenye kilio, ndiyo sababu deni lake husahauliwa.

Sheria ya Jamaa ya Kongo, iliyotolewa tarehe 1 Agosti 1987 na kurekebishwa mwaka 2016, yaonyesha njia. Pasipo wosia, mrithi mwenye umri mkubwa, au mwingine aliyechaguliwa na wenzake iwapo yeye akataa, husimamia mirathi: awatambue warithi, alipe madeni, kisha agawe. Watoto hupata robo tatu. Robo ya nne ni ya mjane, wazazi na ndugu za marehemu. Tena mjane hubaki na haki ya kuitumia nyumba alimoishi na mumewe. Haki hii ikumbukwe, maana ndiyo inayofunua ubaya wa jambo lenyewe.

Kodi ya nyumba na viwanja, pamoja na kodi ya mapato ya kupangisha, ni za jimbo kwa Katiba ya mwaka 2006. (Lugha yetu huita kodi fedha ya mpangaji na fedha ya serikali vilevile, huenda ndiyo sababu wengine hupokea ile ya kwanza na kudhani wamemaliza habari.) Tuseme mtu wa Katuba ameacha lupango lenye nyumba kubwa, na vyumba vya kupangisha nyuma yake, na kodi ya miaka minne haikulipwa. Ndugu zake wachukua gari, friji na cherehani, wakarudi Likasi na Kasenga. Deni halikupanda gari pamoja nao. Mtoza kodi hafuati friji hadi Likasi. Huja penye nyumba, kwa kuwa nyumba haina miguu. Ndani yake amkuta nani? Mjane na yatima. Hivyo wenye nguvu wamekula mafuta, na wanyonge wameachiwa mifupa.

Yuko atakayejibu kwamba barabara ni mashimo matupu, na fedha za kodi huliwa na wakubwa. Kwa nini yatima wailishe serikali ya namna hiyo? Malalamiko hayo si ya kudharauliwa. Lakini asemaye hivyo kikaoni kwa kawaida si yatima, wala hatoi shauri kwamba fedha hizo wawekewe yatima. Wizi wa mkubwa haufuti deni. Wala haifai kumpenyezea karani fedha kidogo pasipo hati ya malipo: mwaka ujao atakuja karani mwingine, na mjane hatakuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Na kama fedha hazipo? Msimamizi aende ofisini kabla ya kikao, aulize hesabu yote, aombe kulipa kidogo kidogo. Fedha za wapangaji zitangulie kwenye deni, na fungu la kila mtu lingoje. Baba mdogo aliyekwisha kuuza gari asiseme kwamba aligawiwa. Amekopeshwa na yatima, naye yampasa kurudisha sehemu yake ya deni, hata ikiwa kikao kizima kilimruhusu kulichukua.