Sifuri Isiyokuwa Sifuri

Je, mtu anayetangaza jambo lisilo kweli kwa kuiamini mashine amekosea tu, au amedanganya? Swali hili lilinikabili nilipokuwa nikiandika tasnifu ya uzamivu ughaibuni. Nilizidisha uwezekano wa matukio 400 chini ya nadharia niliyoipinga; kompyuta ikajibu 0. Nikaandika kwamba nadharia hiyo haiwezekani asilani.

Tuchukulie, kwa wepesi, kwamba kila uwezekano ulikuwa 0.1. Jibu halisi lina sifuri 399 baada ya nukta, kisha 1: dogo ajabu, lakini lipo. Kompyuta, katika hesabu zake za kawaida za biti 64, haiwezi kushika namba ndogo kiasi hicho. Huishia kwenye sifuri 323 na tarakimu 5, na chini ya hapo huandika 0 bila onyo. Dawa yake kila mwanatakwimu anaijua: jumlisha logi badala ya kuzidisha. Kwa logi asilia jibu ni takriban -921, namba ya kawaida kabisa.

Wenzangu walisema ni kosa la mashine. Sikuridhika. Mashine ilisema "sioni". Neno "haiwezekani" lilikuwa langu. Shahidi asemaye "sikumwona" hajasema "hakuwepo", na kadhi anayeijua kazi yake hayachanganyi mawili hayo. Sikukusudia kudanganya, naam. Lakini sifuri ile ilinipendeza, ndiyo maana sikuihoji. Ingeniudhi, ningekesha nikiikagua.

Ukurasa ule niliuandika upya. Nadharia niliyoizika ikafufuka, na hadi leo siipendi.