Pumziko ni la Nyumba Nzima

Mwezi wa Julai, majira ya joto yakishika Ulaya, shughuli nyingi huko hupunguza mwendo. Baba Mtakatifu mwenyewe husimamisha katekesi zake za Jumatano, na mwaka 2025 Papa Leo XIV alikwenda kupumzika Castel Gandolfo. Kwetu Tanzania nako shule huwa na likizo katikati ya mwaka, na jamaa waliojaliwa uwezo hufanya mipango ya kwenda ng'ambo: kuhiji Roma au Lourdes, kuwaona ndugu, au kutembea tu.

Hatuwalaumu. Mitume waliporudi kutoka utume wao wamechoka, Bwana wetu Yesu Kristu aliwaita waende kando, mahali pasipo watu, wakapumzike kidogo. Kupumzika si uvivu. Ni zawadi ya Mungu. Lakini twapenda kuwauliza wasomaji wetu swali moja: Je, katika nyumba yako, ni nani mwingine anayepumzika?

Amri ya tatu haikusema na mwenye nyumba peke yake. Kitabu cha Kutoka kinawataja mwana na binti, mtumishi wa kiume na wa kike, mgeni aliye malangoni, hata mnyama wa kazi. Kumbukumbu la Torati chaongeza sababu: Waisraeli walikuwa watumwa katika Misri, wasisahau. Aliyeujua uchungu wa kutopumzika, atamnyimaje mwenziwe pumziko?

Basi, tuangalie makwetu. Baba, mama na watoto wanapokwenda uwanja wa ndege, nyuma hubaki binti wa jikoni na mlinzi wa lango. Mara nyingi safari ya tajiri huwa kazi mpya kwao: kulinda nyumba, kulisha mbwa na kuku, kumwagilia bustani, kufua mapazia, ili wenyewe wakirudi wakute kila kitu safi. Pengine binti yule hajamwona mama yake mwaka mzima, na nauli ya basi ya kumfikisha kijijini kwao ni sehemu ndogo sana ya bei ya tikiti moja ya ndege.

Kumpa likizo si kumpa sadaka. Tangu mwaka 1891, katika barua yake Rerum Novarum, Papa Leo XIII alifundisha kwamba mfanyakazi ana haki ya kupumzika. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, pamoja na malipo. Deni tusiliite hisani.

Mtu atasema: Nyumba italindwa na nani? Swali hilo ni la haki, lakini lijibiwe kabla ya kununua tikiti. Watumishi wapeane zamu. Ndugu aombwe kulala pale. Au tarehe ya likizo yao ipangwe mapema, na ahadi itimizwe.

Nanyi mtakaokwenda, kumbukeni kwamba Jumapili ya ng'ambo ni Jumapili. Mkifika mji wowote, ulizeni kwanza saa ya Misa Takatifu. Mkipiga magoti mbele ya Ekaristi, na dhamiri zenu ziwe na amani, mkijua kwamba siku hizo hizo, au muda mfupi baadaye, binti yule naye atakuwa ameketi jikoni kwa mama yake.

Mungu awabariki wasafiri, na awabariki wanaobaki.