Ombi la Usiku wa Carthage

Asalipo mtu huwa amepiga magoti mbele ya swali zito kuliko haja iliyomleta: ikiwa Mwenyezi Mungu anayajua yaliyomo moyoni kabla ulimi haujatikisika, na ikiwa hekima yake haihitaji shauri la kiumbe, sala ina kazi gani? Wenye mashaka huliuliza swali hili kwa kejeli. Waumini, aghalabu, huliuliza kwa machozi, usiku, kando ya kitanda cha mgonjwa, na kwa ajili yao halistahili kujibiwa kwa pupa.

Na tutazame bandari ya Carthage, kaskazini mwa bara letu hili la Afrika, mwaka 383. Mjane mmoja, Monika wa Thagaste, amemng'ang'ania mwanawe asisafiri kwenda Roma, au kama hana budi kwenda, amchukue naye. Mwana huyo ni Augustino, mwalimu wa balagha asiyetimiza bado miaka 30, ambaye ameiacha imani ya mamaye na kufuata mafundisho ya Mani. Akamdanganya mama kuwa anamsindikiza tu rafiki anayengoja upepo wa safari. Na mama alipokataa kurudi nyumbani peke yake, akamshawishi alale karibu na chombo, mahali pa ukumbusho wa shahidi Sipriani. Usiku kucha mama akawa anasali na kulia, na ombi lake lilikuwa moja tu, Mola amzuie mwanawe asiondoke. Usiku uo huo upepo ukavuma, matanga yakajaa, chombo kikang'oa nanga. Kulipopambazuka mama alikuwa ufukoni anaomboleza, hana mwana wala jibu.

Lau hadithi ingekoma hapo, nani angethubutu kunena juu ya nguvu ya sala? Lakini safari ile iliyoombewa isiwe ndiyo iliyomfikisha Augustino Milano, akamsikiliza Askofu Ambrosi, na katika Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa kwa mkono wake, mama yake akiwa hai. Baadaye, katika kitabu chake cha Maungamo, ambacho chote ni sala, Augustino alikiri kwamba Mungu alimnyima mama alichokiomba usiku ule ili ampe alichokuwa akikiomba siku zote. Naliona neno hili kuwa zito sana. Katika dua ya Monika yalikuwamo maombi mawili yaliyofungwa pamoja, moja la midomo na moja la maisha yake yote, na yeye mwenyewe hakujua kwamba yanapingana. Sala iliyapeleka yote mawili kwa Yule awezaye kuyatenganisha.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaoigeuza sala kuwa hirizi, wakiwaahidi watu kwamba mwenye imani ya kutosha hakosi alitakalo. Ahadi hiyo huwatwika wenye msiba msiba wa pili, maana aliyefiwa na mtoto huambiwa, pasipo kutamkwa, kuwa imani yake ilipunguka. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba katika mwili wake, asiondolewe; na Kristo mwenyewe katika Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke. Walakini sikubaliani pia na wasemao kuwa sala ni faraja tu ambayo mtu hujipa mwenyewe. Monika hakufarijika asubuhi ile. Alirudi kwake akaendelea kuomba, kisha akavuka bahari akamfuata mwanawe.

Karibu mwaka 412, Augustino, sasa askofu wa Hippo, alimwandikia Proba, bibi wa Kirumi aliyekimbilia Afrika baada ya Roma kutekwa mwaka 410. Alimfundisha kwamba Mungu hatutaki tumwombe ili apate kujua haja zetu, bali ili shauku yetu ipate mazoezi, moyo upanuke, uweze kukipokea kikubwa anachokusudia kutupa. Namjua mama mmoja ambaye hakupata kusoma waraka huo. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, hujitanda kanga, hupiga magoti kando ya kitanda cha kamba, akawataja wanawe mmoja mmoja kwa mfuatano wa kuzaliwa kwao. Jina la yule aliyepotelea mjini miaka mingi halirukwi. Hulitaja mahali pake, akanyamaza kitambo, kisha akaendelea na la mdogo wake. Sijamsikia akimwelekeza Mungu la kufanya katika kitambo kile, na sijamwona akikiacha.

Katika mwaka ule ule wa ubatizo, Monika alishikwa na homa huko Ostia, walipokuwa wakingoja chombo cha kuwarudisha Afrika. Miaka mingi alikuwa ametamani azikwe Thagaste ubavuni mwa mumewe, na kaburi alikuwa amekwisha kujiwekea. Sasa aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wasihangaike nao. Ila popote watakapokuwa, wamkumbuke mbele ya madhabahu ya Bwana. Akafa siku ya tisa ya ugonjwa wake, mwenye umri wa miaka 56, akazikwa hapo hapo Ostia.