Kasha na Kilichomo

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Nilifundishwa methali hii nikiwa mtoto, nikadhani yahusu chawa na marafiki wabaya basi. Sikujua kwamba siku moja ningeikumbuka nikiwa nimesimama dirishani, katika mji wa Columbus, Ohio, nimeshika kitabu cha katuni.

Utotoni kwetu Tanga, gazeti la katuni kama Sani lilisomwa mpaka likachakaa. Lilipita mikono kumi, likarudi halina jalada, wala hakuna aliyeona kuwa amepata hasara. Nilipohamia Marekani nilikuta mambo mengine. Toleo la kwanza la Action Comics, lililotoka mwaka 1938 kwa bei ya senti 10, nakala yake moja iliuzwa mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 3. Bei za namna hiyo hutegemea sana hali ya karatasi, na hapo ndipo ubishi huzuka: muuzaji husema kitabu ni kizima, mnunuzi husema kimechakaa. Ili kuumaliza ubishi huo, tangu mwaka 2000 kuna kampuni za kupima vitabu hivyo. Hukipa kitabu alama, kuanzia nusu hadi 10, kisha hukifungia ndani ya kasha la plastiki ngumu lenye lebo ya alama ile. Ukilivunja kasha, alama haina nguvu tena.

Kitabu changu sikukinunua. Nilipewa na jirani yangu, mzee mmoja, alipokuwa akihama kwenda kuishi kwa binti yake. Nilikituma kikapimwe, kikarudi na alama 9.6. Nilifurahi sana, kisha nikakisogeza kwenye mwanga. Plastiki ilikuwa na miviringo ya rangi, mfano wa mafuta ya taa juu ya dimbwi. Miviringo hiyo hutokea pale tabaka mbili angavu zinapokaribiana mno, zikabakiza hewa nyembamba kati yao. Imepewa jina la Newton, aliyeichunguza katika karne ya 17. Hiyo haidhuru karatasi, hukera macho tu. Lakini palikuwa na baya zaidi. Mfuko wa ndani ulikuwa mpana kuliko kitabu, hata kila kasha lilipotikiswa njiani, kitabu kiliteleza na kujigonga. Pembe yake ya chini ilikuwa imekunjika. Nilipokituma haikuwa hivyo. Picha zake ninazo.

Ndugu msomaji, tazama ajabu hiyo. Kitabu kilichokaa miaka mingi ndani ya sanduku la viatu bila dhara kilikuja kuumizwa na kitu nilichokilipia ili kikilinde. Niliiandikia kampuni. Jibu lilikuwa la adabu: nikirudishe, nao watakipima upya, na alama ikishuka, hiyo iliyoshuka ndiyo itakayoandikwa. Nikaelewa. Nikinyamaza, ninayo 9.6. Nikidai haki yangu, nitaipoteza.

Siku hizo mama yangu, Dar es Salaam, alikuwa akingoja upasuaji wa nyonga, na fedha hazikutosha. Akaja mnunuzi nyumbani. Alisoma lebo, akaanza kuhesabu noti. Kitabu chenyewe hakukitazama. Hapo ndipo swali liliponishika koo. Je, nikikaa kimya nitakuwa nimesema uongo? Lebo sikuiandika mimi, na siku ilipoandikwa ilikuwa kweli. Hata hivyo mimi najua na yeye hajui, na ukimya wa anayejua ni kauli. Babu yangu alipouza mbuzi mwenye mguu mbovu, kitu cha kwanza alichokishika mbele ya mnunuzi ni mguu ule.

Nikamwonyesha pembe. Aliitazama, akacheka. "Bwana, mimi sinunui pembe," akasema. "Nanunua namba. Na nitakayemuuzia naye atanunua namba." Akalipa bei kamili, nami nikapokea.

Mama alipasuliwa, na leo anatembea. Lakini moyo wangu haujatulia. Ukweli niliusema, ila niliusema kwa mtu asiyeuhitaji, naye akaondoka nao akausitiri kwa mwingine ambaye pengine angeuhitaji sana. Je, wajibu wangu ulikoma mlangoni kwangu? Zamani nilijibu kuwa ndiyo. Mtu hawezi kuwa mlinzi wa kila soko. Sasa naona jibu hilo ni jepesi mno. Makasha haya yalibuniwa kwa kuwa watu hawakuaminiana, na pale yanapokuwa mazuri yamewasaidia wengi. Ubaya wake ni kwamba yametuzoeza kuacha kutazama. Alama ni ushahidi wa siku ile kitabu kilipopimwa. Kitabu chenyewe huendelea kuishi, na kuumia, baada ya siku ile.

Kama ningerudishwa mbele ya mnunuzi yule, nisingekataa fedha zake. Mama ni mama. Ila ningeandika dosari ile kwenye karatasi ndogo, nikaibandika nyuma ya kasha mbele ya macho yake. Anayetaka kuibandua, na aibandue kwa mkono wake mwenyewe.