Je, Nambari Yaijua Bei ya Kesho?

Wako vijana wetu siku hizi ambao hununua na kuuza sarafu za kigeni kwa simu zao. Huutazama mchoro wa bei, kisha wakapitisha juu yake mistari ya 23.6, 38.2, 50, 61.8 na 78.6 kwa mia. Huambiwa kuwa bei iliyopanda, ianzapo kurudi chini, husita katika mmojawapo wa mistari hiyo, kisha ikapanda tena. Ukiuliza kwa nini, jawabu ni jina moja: Fibonacci. Basi yafaa tuipime hoja hii, kwani mtu hutoa mali yake kwayo.

Fibonacci huyo, jina lake khasa Leonardo, alikuwa mtu wa Pisa katika Italia. Baba yake alitumika katika forodha ya Bugia, mji ulioko Algeria ya leo, na huko ndiko kijana alikojifunza hesabu kwa tarakimu za Kihindi. Mwaka 1202 alitunga kitabu, Liber Abaci, kilichowafunza watu wa Ulaya kuzitumia tarakimu hizo katika vipimo, faida na ubadilishaji wa fedha. Ndani yake mna suala la sungura: kila jozi huzaa jozi nyingine kila mwezi, na watoto huanza kuzaa katika mwezi wao wa pili. Hutoka 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, kila nambari ikiwa ni jumla ya mbili zilizoitangulia, hata mwisho wa mwaka jozi ni 377. Ukienda mbele ukagawanya 34 kwa 55, wapata karibu 0.618. Haya ni kweli wala hayana shaka.

Lakini Leonardo, naye aliandikia wafanyabiashara, hakusema kuwa bei zafuata sungura. Dai hilo lilikuja baada ya zaidi ya karne saba, pale mhasibu wa Kimarekani, Ralph Nelson Elliott, aliposema kuwa bei za hisa huenda kwa mawimbi, na katika kitabu chake cha 1946 akayafunga mawimbi hayo na nambari hizi.

Kuikisia kesho si aibu. Nahodha aliyengoja kaskazi naye alikisia, ila dhana yake ilikuwa na sababu, kwani upepo una majira yake. Bei nayo husukumwa na mavuno, riba, vita, khofu na tamaa. Sungura aingia wapi hapo?

Tazama hesabu yenyewe. Bei imepanda kutoka 100 hata 200. Mistari mitano itakaa katika 176.4, 161.8, 150, 138.2 na 121.4. (Huo wa 150 ni nusu tu, hauhitaji mwanachuoni wa Pisa.) Ukikubali kuwa shilingi 4 juu au chini ya mstari ni "karibu", umekwisha kufunika 40 katika kila 100 ya njia yote. Na bado mchoraji ana khiari ya kuchagua mchoro uanzie wapi na uishie wapi.

Huenda mtu akasema: wengi waitazama mistari hiyo hiyo, huweka maagizo yao hapo, na bei ikasita kweli. Hili ni jawabu la mwenye akili. Lakini limelibadilisha dai, kwani sasa kinachochunguzwa ni watu, si nambari. Na watu wakijua kuwa wenzao wangoja pale, huwahi kabla ya pale.

Ninayemlaumu zaidi ni yule auzaye darasa la mistari hii kama ilimu ya yakini, na ada yake ameishika mkononi, mwanafunzi apate au akose. Bei ikisita katika 38.2, husema: mwaona! Ikivuka, husema yaenda 61.8. Ikivuka yote, mwanafunzi ndiye hakuchora sawa. Mpiga ramli naye hakosi udhuru.

Anayebisha na afanye hivi kabla hajaweka shilingi moja. Achukue michoro hamsini ya zamani, afunike upande wa kulia kwa karatasi, achore mistari yake na aiandike daftarini. Katika michoro hiyo hiyo achore mistari mingine mitano ya kubuni, 20, 33, 45, 57 na 70 kwa mia. Kisha aifunue, na ahesabu bei imesita mara ngapi katika hii na mara ngapi katika ile.