Je, Ni Haki Kupasua Jicho Lisilougua?

Wasomaji wetu wanajua kwamba tabibu hupasua mwili ili kuondoa ugonjwa. Jipu hutumbuliwa, na mtoto wa jicho hutolewa ili aliyepofuka aone tena. Hapo hakuna aulizaye kama ni haki, maana hasara ya kuacha ni kubwa kuliko hatari ya kisu. Lakini siku hizi iko kazi ya namna nyingine: mtu asiyeona vema vitu vya mbali hukatwa jicho kwa nuru ya leza ili aiache miwani. Jicho lake haliugui, na miwani ingemtosha. Je, ni haki kulipasua?

Na tutazame kwanza jinsi ifanywavyo. Mtu hulala chali, naye yu macho. Hutiwa matone ya ganzi, na kope zake huzuiwa kwa chuma chembamba zisifumbe. Pete huwekwa juu ya jicho ikalishika kwa kulinyonya, na hapo kuona kwake hufifia, pengine huwa giza kabisa kwa kitambo kidogo. Kisha ule utando ung'aao mbele ya mboni, uitwao konea, hukatwa kijifuniko chembamba, nacho hufunuliwa kama jani la kitabu. Ndipo leza huanza kuuchonga utando ulio chini yake. Mgonjwa huambiwa aitazame taa ndogo asiiache. Husikia mlio wa upesi upesi, tena hunusa harufu kama ya nywele zilizoungua. Haumwi sana, lakini hofu ni kubwa, kwani hawezi kufumba jicho mbele ya kitu kinachomkata. Mwisho kijifuniko hurudishwa mahali pake bila kushonwa.

Daktari naye anatazama kwa darubini, na huku anasema: sasa utaona giza, usiogope, itazame taa, imebaki kidogo. Kwa yule aliyelala, sauti hiyo ndiyo fimbo ya kipofu. Basi ikiwa sauti hiyo haikusema kweli tangu siku ya kwanza walipoonana, amemshika mkono nani?

Kazi hii ilianza Marekani. Mwaka 1981 Rangaswamy Srinivasan, mtaalamu wa kampuni ya IBM, alijaribu leza ya namna hii juu ya mabaki ya bata mzinga wa sikukuu (elimu haichagui meza), akaona inakata sawasawa bila kuunguza kando. Mwaka 1983 yeye na daktari wa macho Stephen Trokel walitangaza majaribio yao juu ya macho ya ng'ombe. Hata mwaka 1988, Dk. Marguerite McDonald alilichonga kwa leza jicho la mwanadamu lililokuwa likiona. Lilikuwa la mwanamke mwenye saratani, ambaye jicho lake lilikuwa halina budi kuondolewa. Alikubali lijaribiwe kabla ya kutolewa, ingawa yeye mwenyewe hakutazamia faida yo yote. Aliyakubali yote akijua mwisho wake.

Kwa maoni yangu, ruhusa ya mwanamke huyo ndiyo kipimo. Si haramu mtu kutamani kuacha miwani. Askari, mvuvi na mpanda pikipiki wanajua taabu yake. Lakini kadiri haja ilivyo ndogo, ndivyo deni la daktari la kusema kweli lilivyo kubwa. Wengi hufurahi baadaye. Lakini wako waliobaki na macho makavu, au waonao duara za nuru kuizunguka kila taa ya usiku, na wachache wenye maumivu yasiyoisha. Mwaka 2008 baadhi yao walisimama mbele ya baraza la serikali ya Marekani linalochunguza vyombo vya macho, wakaeleza mateso yao. Ambaye hakuambiwa hayo kabla ya kulala chali, hakuchagua, alichaguliwa.

Tena ziko konea nyembamba mno, au zenye umbo lililoharibika, zisizofaa kuguswa. Daktari akipima akaona hivyo, yampasa amwambie mtu aliyekuja na fedha mkononi arudi nyumbani na miwani yake. Na mtu huyo mara nyingi hukasirika, akaenda kutafuta daktari mwingine.