Uongo wa Heri: Foundation Kitabuni na Kwenye Luninga

Mdogo wangu ana tabia moja. Nikianza tu kumsimulia kitabu, ananikatiza: "Ya kuangalia ipo?" Nilipomwambia nasoma upya Foundation ya Isaac Asimov, akacheka. Yeye tamthilia yake kaishaimaliza, misimu yote mitatu. Kitabu alikijaribu, kikamshinda kwenye kurasa za mwanzo. Nikamuuliza kwa nini.

"Hakina watu," akasema. "Kina maneno tu."

Sikubishana naye, maana kwa kiasi fulani ana hoja. Lakini lile jibu lake limekaa nami wiki nzima, na nadhani limegusa jambo kubwa kuliko ladha ya msomaji na mtazamaji. Kwa wasioifahamu hadithi, ngoja nieleze kwanza.

Asimov alianza kuandika visa hivi akiwa kijana wa miaka 21. Vilianza kutoka jaridani mwaka 1942, dunia ikiwa vitani, kisha vikakusanywa katika vitabu vitatu kati ya 1951 na 1953. Himaya iliyotawala galaksi nzima kwa miaka 12,000 inakaribia kuanguka, ila wenyewe hawaoni. Anayeona ni mwanahisabati mmoja mzee, Hari Seldon. Amebuni elimu inayoitwa saikohistoria, ambayo haiwezi kukuambia mtu mmoja atafanya nini kesho, lakini inaweza kukokotoa umati wa mabilioni ya watu utaelekea wapi. Hesabu zake zinasema Himaya ikianguka, giza litadumu miaka 30,000. Haliepukiki. Ila linaweza kupunguzwa hadi miaka 1,000, iwapo kundi la wataalamu litapelekwa Terminus, sayari ya pembezoni kabisa, kuandika ensaiklopidia ya elimu yote ya binadamu.

Wataalamu wanakwenda. Wanaandika, wanazeeka, wanazaa. Miaka 50 baadaye kinafunguliwa chumba alichokiacha Seldon, naye, marehemu wa siku nyingi, anatokea katika picha aliyojirekodi na kuwaambia kwamba ensaiklopidia ilikuwa danganya toto. Alichotaka ni wao wawepo pale, wamezungukwa na majirani wenye nguvu kuliko wao, wasiwe na njia ya kurudi. Hawakuambiwa kwa sababu saikohistoria hufanya kazi pale tu ambapo watu hawajui walichokokotolewa. Ukimwambia mtu njia atakayopita, anaweza kuchepuka.

Hapo ndipo lilipo swali ninalotaka tulijadili: mtu mwenye nia njema, na mwenye hesabu sahihi, ana haki ya kuwaficha watu ukweli wa maisha yao kwa sababu kuficha huko kutawaokoa?

Kitabuni ni rahisi sana kujibu ndiyo. Na hapa ndipo ninapomrudia mdogo wangu. Kitabu kinaruka miongo kwa miongo. Mhusika ukishaanza kumzoea, sura inakwisha na unayekutana naye baadaye ni kizazi cha wajukuu. Gaal Dornick, kijana anayetufungulia hadithi, akishamaliza kazi ya kutuonyesha mji mkuu na kesi ya Seldon, hatumwoni tena. Wanawake ndiyo usiseme, katika kitabu cha kwanza ni wa kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo Seldon anapowadanganya watu wa Terminus, sisi wasomaji hatuwajui hao waliodanganywa. Tunaona ramani tu. Nani alishawahi kulia kwa ajili ya ramani?

Kilele cha jambo hili kiko katika kitabu cha tatu. Wapo walinzi wa siri wa Mpango wa Seldon, na siri yao inapokaribia kufichuka, 50 miongoni mwao wanatolewa kafara ili watu wa Terminus waamini kwamba walinzi wamekwisha wote. Hamsini. Nilipokisoma mara ya kwanza, chuoni, nilifunga kitabu nikifurahia ujanja ule. Safari hii nilirudi nyuma nikitafuta habari za wale 50, kwamba walikuwa akina nani na waliacha nini. Nikaambulia namba.

Tamthilia, iliyoanza mwaka 2021, haikuweza kufanya hivyo hata kama ingetaka. Mtazamaji hashiki hesabu, anashika sura. Ndiyo maana waandishi wake wakabuni nasaba ya wafalme waliozalishwa kutoka kwa mtu mmoja, Cleon, ili waigizaji walewale waendelee kuwepo karne zikipita. Gaal wamemfanya mwanamke na kumlaza usingizi wa barafu ili avuke vizazi. Na Seldon, ambaye kitabuni anakufa kifo chake cha kawaida, humu anachomwa kisu na Raych, mtoto aliyemlea mwenyewe, tena kwa makubaliano yao wawili. Raych anauawa kwa kosa hilo. Gaal, aliyempenda Raych, anakuja kuambiwa baadaye na sauti ya marehemu kwamba yote yalipangwa, na kwamba yeye pia alikuwa na nafasi aliyopangiwa bila kuulizwa.

Hasira ya Gaal pale ndiyo kitu ambacho kitabu hakina. Si kwamba anapinga hesabu. Hesabu anaijua kuliko karibu kila mtu. Anachouliza, kwa maneno yangu, ni hiki: kwa nini hukuniambia, wakati maisha yenyewe ni yangu?

Swali hilo nimeshaulizwa, ingawa si kwa mdomo.

Babu yangu alipougua, ukoo ulikaa kikao, ukakubaliana asiambiwe. Wanaosoma hapa wanajua mambo haya, mgonjwa huambiwa la kumpa moyo. Vipimo viliandikwa Kiingereza, na mimi, mjukuu msomi, mwandishi wa habari, ndiye niliyepewa kazi ya kumsomea. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, wamesema nini?" Nikamwambia ni vidonda vya tumbo, vinatibika. Niliisoma ile karatasi kwa sauti, mstari kwa mstari, nikitafsiri kitu ambacho hakikuwepo. Kazi yangu ni kuwaambia watu wazima ukweli, na siku ile nilidanganya vizuri kuliko nilivyowahi kuandika.

Na mpango ulifanikiwa! Nisiwe mnafiki, ulifanikiwa. Babu aliishi miezi minane bila hofu. Alicheka, alibishana na redio. Lakini alikuwa na dada yake Pangani, waliyekosana miaka mingi juu ya jambo ambalo hata wenyewe walikuwa hawalikumbuki vizuri. Kila alipotajwa, Babu alisema, "Nikipona nitakwenda." Tukaitikia, inshallah. Wote tuliokuwa tukiitikia tulijua hatapona. Yeye peke yake ndiye alikuwa akipanga safari kwa kalenda ya uongo tuliyompa. Hakwenda.

Ndiyo maana siku hizi nikisoma Seldon, siulizi tena kama hesabu yake ilikuwa sahihi. Hata yetu ilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba ukweli uliomficha mtu ulikuwa kifaa chake cha kuamulia, na ukimnyang'anya hujui angekitumia kufanya nini. Wewe umepima hofu yake tu. Safari ya Pangani haikuwemo kwenye mizani yako.

Sasa, nimtendee haki Asimov. Ukisoma kwa makini utaona kwamba hata yeye hakuwa na uhakika na mzee wake. Waliodanganywa wa Terminus wanageuka kuwa wadanganyaji. Wanawapa majirani zao maarifa ya nyuklia yakiwa yamefungashwa kama dini, wakifundisha makuhani kuendesha mitambo bila kuelewa inavyofanya kazi. Uongo hauishi mpweke, utazaa tu. Kisha, katika kitabu cha pili, anatokea Mule, mtu mmoja mwenye uwezo wa kugeuza hisia za wengine, ambaye hesabu haikumwona. Watu wa Terminus wanakusanyika chumbani kwa Seldon kusubiri wokovu kama walivyozoea. Picha inatokea, inaanza kuongelea mgogoro mwingine kabisa, na adui huyo ameshafika. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya kutisha kuliko zote. Ukiwafanyia watu hesabu vizazi na vizazi, siku hesabu ikikosea hawana hata mazoea ya kuhesabu.

Na anayeokoa jahazi ni nani? Bayta, mwanamke ambaye Mule hakuwahi kumgusa akili kwa sababu alimpenda bila kushurutishwa. Yeye peke yake aliachiwa kichwa chake, akakitumia. (Msimu wa tatu, wa 2025, umemfanyia Bayta mambo mengine kabisa. Sitamwaga mtama kwa ambaye hajaangalia.)

Tamthilia nayo ina kosa lake, tena si dogo. Imewapa watu sura, halafu ikawapa na miujiza. Gaal anaona yajayo, Salvor anahisi yasiyohisiwa na wengine. Salvor wa kitabuni alikuwa meya mwenye sigara na akili timamu, aliyeamini kwamba anayekimbilia mabavu ni aliyeishiwa maarifa, akapindua serikali bila kumwaga damu. Alitambua mwenyewe kwamba kuna kitu kinafichwa, kwa kusikiliza na kufikiri tu. Huyo ni muhimu kwa swali letu, kwa sababu anathibitisha kwamba mtu wa kawaida anaweza kuubeba ukweli. Ukimpa miujiza, unakuwa umekubaliana na Seldon kimyakimya kwamba ukweli ni wa watu maalumu.

Kwa hiyo nikimjibu mdogo wangu leo, nitamwambia hivi: kweli, kitabu hakina watu, na ndiyo maana uongo wa Seldon unatamkika kwa urahisi. Asome hivyohivyo, kisha ajiulize wale 50 walikuwa na akina dada wangapi. Mimi nitaendelea kuangalia tamthilia yake kwa ajili ya hasira ya Gaal.

Shangazi yangu bado anasema tulifanya vyema, Babu aliondoka kwa amani. Huenda. Lakini baada ya mazishi nilikwenda Pangani mwenyewe. Bibi yule, akiwa mkekani, aliniuliza jambo moja tu: alijua? Nikamwambia hapana. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele.